Kurasa 230 za Scott Joplin

Mwaka 1911, jijini New York, mtu mmoja mwenye umri wa miaka 43 hivi alitoa fedha zake mwenyewe kulipia uchapaji wa kitabu cha nota ambacho hakuna mchapishaji aliyekubali kukichukua. Kitabu hicho kilikuwa na kurasa 230. Ndani yake mlikuwa na opera nzima ya sehemu tatu, maneno na muziki vyote vikiwa vimetungwa na huyo huyo aliyelipa. Hakuwa tajiri hata kidogo. Watu waliomfahamu walimfahamu kwa jambo jingine kabisa, yaani vipande vifupi vya piano vya kuchangamsha dansi, na wala hapakuwa na mtu aliyemwomba atunge opera. Jina lake lilikuwa Scott Joplin. Wiki hii tungependa kusimulia habari zake, kwa kuwa zile kurasa 230 zimetukaa moyoni kwa muda mrefu, na tunadhani wengi waliozihesabu kuwa hasara walihesabu vibaya.

Sisi tulifahamiana naye kwa njia ya kuchekesha kidogo. Vinanda vingi vya umeme vinavyotumika makanisani mwetu huja na nyimbo zilizohifadhiwa ndani, na mtu akibonyeza kitufe fulani kinanda hujipigia chenyewe. Watoto wa kwaya hawajapata kumwacha mpiga kinanda akafunga kifuniko salama kabla hawajabonyeza kitufe hicho. Mojawapo ya nyimbo hizo ni “The Entertainer” ya mwaka 1902, na ndiyo waliyoipenda kupita zote. Tulipotafuta mtungaji wake tulikuta mambo ambayo hatukuyapata seminarini, ambako tulilishwa nyimbo za Kigregori na fuga za Bach mpaka tukashiba. Muziki huo tunaushukuru hata leo. Lakini mtu huyu naye alistahili kutajwa darasani.

Vitabu vya zamani husema kwamba Joplin alizaliwa tarehe 24 Novemba 1868. Tarehe hiyo haiwezi kuwa sahihi, maana sensa ya Julai 1870 ilimkuta tayari ni mtoto wa miaka miwili. Basi alizaliwa kati ya katikati ya mwaka 1867 na mwanzoni mwa 1868, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Texas, Marekani. Habari za ukombozi zilikuwa zimewafikia watumwa wa Texas mwezi Juni 1865, kwa hiyo yeye ni wa kizazi cha kwanza kabisa cha Wamarekani Weusi wa huko waliozaliwa wakiwa watu huru. Baba yake, Giles, alikuwa mtumwa na alipiga fidla. Mama yake, Florence, alizaliwa huru huko Kentucky, akiimba na kupiga banjo. Watoto walikuwa wengi na nyumba ilikuwa maskini, ila muziki haukukosekana.

Familia ilihamia Texarkana, mji uliozaliwa na reli kwenye mpaka wa Texas na Arkansas. Baba alifanya kazi za reli, kisha akaiacha familia. Mama akabaki na watoto, akitafuta riziki kwa kusafisha nyumba za Wazungu na kufua nguo zao. Hapo ndipo tunapenda kusimama kidogo. Katika nyumba mojawapo ya hizo mlikuwa na piano, na mama alipata ruhusa ili mwanawe aiguse wakati yeye akipiga deki. Tunawajua akina mama wa namna hiyo. Hawaombi nyongeza ya mshahara, wanaomba mtoto aachwe akae pale pembeni, atazame, asikie, aguse.

Mtoto alipata mwalimu pia. Alikuwa Julius Weiss, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, aliyekuja Texarkana kufundisha watoto wa familia moja tajiri. Weiss alimsikia kijana Mweusi akipiga, akamfundisha bila malipo: nota, mpangilio wa sauti, na jambo kubwa kuliko hayo, wazo kwamba muziki ni elimu inayoandikwa, inayosomwa, na inayodumu. Alimwonjesha pia opera za Ulaya. Hatujui maneno waliyoambiana, bali tunaona matunda yake. Joplin alipokuwa mtu mzima mwenye jina alimpelekea mwalimu wake, ambaye sasa alikuwa mzee na mgonjwa, zawadi za fedha. Mjane wa Joplin ndiye aliyesimulia hayo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga. Mpiga piano Mweusi wa wakati ule hakuwa na kumbi nyingi za kuchagua. Alipiga kwenye baa, kwenye vilabu, na katika madanguro, kwa sababu ndimo piano zilimokuwamo na ndimo walimolipa. Mwaka 1893 alikwenda Chicago wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Halafu akafika Sedalia, mji wa reli katika jimbo la Missouri, akapiga korneti katika bendi ya Wamarekani Weusi, akafundisha vijana, na akajiandikisha katika chuo cha Wamethodisti kilichoitwa George R. Smith ili aongeze elimu ya muziki. Usiku alipiga kwenye klabu iliyoitwa Maple Leaf, yaani jani la mti wa mepo.

Inafaa tueleze kidogo ragitaimu ni nini, kwa wasomaji ambao hawajaitazama kwenye karatasi. Mkono wa kushoto unatembea kama askari wa gwaride: besi, kisha sauti za juu, besi, kisha sauti za juu, haukosei wala haukimbii. Mkono wa kulia unachenga. Nota zake zinaangukia pale ambapo mguu haujakanyaga, zinatangulia pigo au kulichelewesha, hata msikilizaji anahisi kama kuna watu wawili wenye tabia tofauti wanaotembea njia moja wameshikana mikono. Inasemekana jina lake latokana na kuchanika: mapigo yaliyochanikachanika kama kitambaa. Mizizi yake ni ngoma na banjo za watu waliotoka utumwani, na umbo lake ni la gwaride la Kizungu lenye vipande vinne vya vipimo 16 kila kimoja, vingi vikirudiwa. Ukiutia mkono wa kulia peke yake unapata mzaha, na wa kushoto peke yake unapata kuchoka. Siri imo katika makubaliano ya mikono yote miwili.

Muziki huo ulidharauliwa. Ulizaliwa mahali pabaya, wakasema, na waliouzaa ni watu duni. Wahubiri waliulaani mimbarini, na mwaka 1901 chama cha wanamuziki cha Marekani kilipitisha azimio la kuwataka wanachama wake wasiupige. Sisi, kwa kazi yetu, tungetarajiwa kuwaunga mkono wahubiri hao. Hatuwezi. Mtu anayefungiwa milango ya kumbi zote isipokuwa mlango wa baa hapaswi kulaumiwa baadaye kwamba muziki wake unanuka pombe.

Sasa tufike kwenye mkataba, maana nao ni karatasi, na maisha ya mtu huyu yalisimama na kuanguka juu ya karatasi. Tarehe 10 Agosti 1899 Joplin alitia sahihi na mchapishaji wa Sedalia, Mzungu aitwaye John Stark, makubaliano juu ya kipande kilichoitwa “Maple Leaf Rag”. Watungaji Weusi, na hata Weupe wengi, walizoea kuuza kazi yao moja kwa moja kwa dola chache, na baada ya hapo hata kazi ikiuzwa mara milioni haikuwahusu tena. Joplin, akisaidiwa na mwanasheria, alipata kitu tofauti: senti moja kwa kila nakala itakayouzwa. Senti moja! Mtu anaweza kucheka. Hata hivyo, senti ile ilikuwa kukiri kwa maandishi kwamba muziki ule una mwenyewe. Nakala 400 za kwanza zilichukua karibu mwaka kumalizika. Lakini inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1909 zilikuwa zimeuzwa nusu milioni. Hesabu ni rahisi: dola 5,000 katika miaka kumi. Hazikumtajirisha. Zilimwezesha kuacha kupiga piano usiku kucha kwenye baa, akahamia St. Louis, akakaa mezani akiandika.

Wenzake waliomfahamu walisema kwamba kama mpigaji hakuwa wa kutisha. Miji ile ilikuwa na mashindano ya vidole: nani anapiga kwa kasi zaidi, nani anatoa jasho zaidi, nani atamwondoa mwenzake kitini. Joplin hakuwa mtu wa mashindano hayo. Alizungumza kidogo, kwa sauti ya chini, na alichokitaka ni kwamba kilichoandikwa kipigwe kama kilivyoandikwa. Juu ya vipande vyake vingi aliagiza maonyo yachapwe, kwamba visipigwe haraka, na kwamba si sawa kamwe kuupiga muziki huu haraka. Mwaka 1908 alitoa kitabu kidogo cha mazoezi sita ili kuwafundisha watu kuusoma kwa uangalifu. Tunalipenda onyo lile. Mtungaji wa muziki ambao watu wote waliutumia kama kelele za kunywea aliwasihi, kwa herufi zilizochapwa, waende polepole kidogo wapate kusikia alichokifanya. Tunaposikia kile kinanda cha umeme kikiikimbiza “The Entertainer” kama kuku aliyeona mwewe, tunamwonea huruma.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Ndoa ya kwanza ilizaa mtoto wa kike aliyefariki akiwa na miezi michache tu, na wazazi wakaachana. Mwezi Juni 1904, huko Little Rock, Arkansas, alimwoa msichana aliyeitwa Freddie Alexander. Freddie aliugua mafua yaliyogeuka kuwa nimonia, akafa tarehe 10 Septemba mwaka ule ule, chini ya miezi mitatu baada ya arusi. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mwaka 1905 Joplin alichapisha waltzi iitwayo “Bethena”, ambamo mapigo ya ragitaimu yamewekwa ndani ya mwendo wa tatu-tatu. Hakuandika popote kwamba inamhusu marehemu, nasi hatutamsemea. Ila anayeisikiliza hahitaji kuambiwa kwamba aliyeitunga alikuwa amefiwa.

Kabla ya msiba huo alikuwa ameshapata hasara nyingine ya namna yake, nayo inahusu sana habari yetu. Mwezi Oktoba 1901 Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Booker T. Washington, kiongozi na mwalimu maarufu wa Wamarekani Weusi, kula chakula cha jioni Ikulu. Magazeti ya kusini mwa Marekani yakapiga kelele kana kwamba nyumba imenajisiwa. Joplin alifanya nini? Alitunga opera. Aliiita “A Guest of Honor”, yaani mgeni wa heshima, na mwaka 1903 akakusanya kundi la waimbaji wakaanza kuzunguka nayo miji ya Missouri na majimbo ya jirani. Fikirini ujasiri wake. Mtu ambaye katika sehemu kubwa ya nchi yake hangeweza kuketi kwenye meza ya hoteli aliandika opera juu ya mtu Mweusi aliyeketi kwenye meza ya Rais.

Safari ikavunjika. Mtu mmoja aliyeambatana na kundi aliiba mapato. Joplin akashindwa kulipa madeni, na inasadikiwa kwamba sanduku lake, pamoja na karatasi za opera, lilizuiliwa mahali alipokuwa amepanga. Maombi ya hakimiliki yalikuwa yamepelekwa Washington, lakini nakala zenyewe hazikufika kamwe. Mpaka leo hakuna aliyeziona. Opera ile haipo. Hakuna anayeweza kuimba hata mstari mmoja.

Tuwaombe radhi wasomaji tukitoka nje ya mada kwa aya moja. Katika parokia tuliyotumikia tukiwa mapadre wapya palikuwa na mwalimu wa kwaya, mzee mpole, fundi baiskeli kwa kazi. Wanakwaya walisema ametunga nyimbo zipatazo sitini. Alifundisha kwa mdomo, sauti ya kwanza mpaka ya nne, akiwa na vipande vya karatasi za daftari zenye do, re, mi kwa kalamu ya risasi. Alipofariki, familia ilituletea kile kilichokuwamo kwenye boksi lake. Mchwa walikuwa wametangulia. Tulikaa na wanakwaya wawili jioni nzima tukijaribu kuziunganisha zile karatasi, nao wakiimba walichokumbuka. Tulipata nyimbo kumi na moja. Zilizobaki zilikuwa zimeingia ardhini pamoja naye, na mmoja wa wale wanakwaya, mama wa makamo, alikuwa akianza wimbo, anaishia katikati, ananyamaza, anaanza tena. Tunapoandika juu ya “A Guest of Honor” ni uso wa mama yule tunaouona.

Turudi kwa Joplin. Mwaka 1907 alihamia New York. Stark naye alikuwa amekwisha kufungua ofisi huko, lakini uhusiano wao ukavunjika kwa sababu ya suala la mrabaha, ile senti moja. Joplin alimwoa Lottie Stokes, mwanamke mchapakazi aliyesimama naye mpaka mwisho. Aliendelea kutunga vipande vizuri ajabu, na “Solace” ya mwaka 1909 ni kipande cha polepole ambacho tungependa kila mwenye haraka akisikilize. Hata hivyo moyo wake wote ulikuwa kwenye opera mpya, “Treemonisha”.

Hadithi yake ni hii. Mwaka ni 1884, mahali ni shamba kubwa huko Arkansas, si mbali na Texarkana. Ned na Monisha, mtu na mkewe waliotoka utumwani, hawana mtoto. Asubuhi moja wanamkuta mtoto mchanga wa kike chini ya mti mbele ya kibanda chao, wanamlea kama wao. Anapofikia miaka saba wanataka asome, lakini shule iko mbali mno. Basi wanafanya makubaliano na mama mmoja wa Kizungu: yeye atamfundisha mtoto, Monisha atafua na kupiga pasi, Ned atachanja kuni. Binti anakua, anajua kusoma, na akiwa na miaka 18 anaanza kuwapinga wapiga ramli wanaowauzia jirani zake vifuko vya bahati. Wanamteka. Wanakaribia kumtupa kwenye kiota cha nyigu. Kijana Remus anakuja amevaa mavazi ya sanamu la kufukuzia ndege shambani, wapiga ramli wanadhani ni shetani, wanakimbia. Baadaye wanakamatwa na watu wanataka kuwapiga, ila Treemonisha anakataa: waonyeni, kisha waachieni. Mwishoni wanakijiji wanamwomba awaongoze. Naye anawauliza kwanza: wanawake watanifuata, je, na wanaume?

Mwaka 1911, wapendwa, wakati wanawake wa sehemu kubwa ya Marekani walikuwa bado hawajapata haki ya kupiga kura.

Ndani ya opera hiyo yumo pia mhubiri ambaye Joplin alimpa jina la Mchungaji Alltalk, yaani bwana maneno-matupu. Anahubiri, watu wanaitikia, na wakati huo huo binti anatekwa na hakuna anayejua. Tulicheka tulipoisoma sehemu hiyo, kisha tukaacha kucheka.

Anayeijua Texarkana ya utotoni mwa Joplin ataona bila kuelekezwa pale alipoitoa hadithi yake. Mama anayefua na kupiga pasi ili mtoto afundishwe si mama wa kutungwa. Mwalimu Mzungu anayefundisha mtoto Mweusi pasipo shule naye si wa kutungwa. Katika opera hii Joplin alikuwa akilipa deni lake, na alilipa kwa kitu alichokijua vizuri kuliko vyote, karatasi zenye nota. Wachapishaji walikataa, kwa hiyo alichapa mwenyewe zile kurasa 230: sauti zote za waimbaji pamoja na sehemu ya piano. Gazeti moja la muziki liliisifu sana mwezi Juni mwaka ule. Sifa hazikuleta ukumbi wala okestra.

Miaka minne alihangaika kutafuta mfadhili. Mwaka 1915, kama inavyoelezwa, alikodi ukumbi Harlem akawakusanya waimbaji, akaionyesha opera bila mavazi, bila mapambo ya jukwaa, bila okestra, yeye mwenyewe akiwa ameketi kwenye piano akishika nafasi ya vyombo vyote. Watazamaji hawakuvutiwa. Tukiangalia kwa haki, hatuwezi kuwalaumu sana. Wengi wao walikuwa wametoka kusini karibuni, wamekuja mjini kuyasahau mashamba, ramli na vibanda, na hapa kuna mtu anayewarudisha huko huko kwa sauti ya piano moja. Walikuwa na njaa ya vitu vipya. Jazi ilikuwa imeshabisha hodi.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Alikuwa na kaswende, na ilikuwa imefika kwenye ubongo. Mwaka 1916 alirekodi vipande kadhaa kwenye karatasi zile za kutobolewa matundu, zinazoifanya piano ijipige yenyewe. Katika “Maple Leaf Rag” ya mwezi Juni mwaka ule vidole vinasikika vikijikwaa kwenye kipande alichokitunga mwenyewe, kile kilichompa jina. Mapema mwaka 1917 alilazwa, kisha akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko akafa tarehe 1 Aprili 1917, akiwa na miaka 49. Siku tano baadaye Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na magazeti yakawa na mambo mengine ya kuandika. Alizikwa Queens, New York, katika kaburi la maskini, lisilo na jiwe wala jina.

Inasimuliwa kwamba alikuwa amemwomba mkewe “Maple Leaf Rag” ipigwe kwenye mazishi yake, na siku ilipofika Lottie akaona haifai, halafu akajuta miaka yote iliyobaki. Sisi tuliozika watu wengi tunamwelewa Lottie. Kila wiki mfiwa fulani hutuuliza kama wimbo fulani unafaa. Mtu akiwa amesimama mbele ya jeneza, na majirani wanamtazama, huchagua kile kisichoweza kulaumiwa na mtu yeyote.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1950 Rudi Blesh na Harriet Janis walitoa kitabu cha historia ya ragitaimu, wakiwa wamezungumza na wazee waliokuwa bado hai, Lottie akiwa mmoja wao. Alifariki mwaka 1953. Mwaka 1970 mpiga piano Joshua Rifkin alitoa sahani ya santuri ya vipande vya Joplin, akivipiga kwa utulivu na heshima kama mtu apigavyo kazi za Chopin. Santuri hiyo iliuzwa sana, jambo lililowashangaza wote. Mwaka 1971 Maktaba ya Umma ya New York ilitoa kazi zake zilizokusanywa na Vera Brodsky Lawrence. Mwaka 1973 filamu “The Sting” ikaichukua “The Entertainer” na kuipeleka dunia nzima, hata ikafika ndani ya vinanda vya umeme vya makanisa ya mbali. Filamu hiyo inahusu mambo ya mwaka 1936, wakati ragitaimu ilipokuwa imekwisha kuzikwa zamani, lakini muziki ulipendwa na hakuna aliyelalamika. Mwaka 1974 kaburi likapata jiwe lenye jina. Mwaka 1976 akatunukiwa tuzo maalumu ya Pulitzer, miaka 59 baada ya kifo chake.

Katika hayo yote jambo linalotugusa zaidi ni lile lililotokea Atlanta mwezi Januari 1972. Hapo “Treemonisha” ilipandishwa jukwaani kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza. Robert Shaw aliongoza okestra, na Katherine Dunham, mwanadansi mkubwa Mmarekani Mweusi, alielekeza jukwaa. Karatasi za okestra alizoziandika Joplin mwenyewe zilikuwa zimepotea, kama zilivyopotea za “A Guest of Honor”. Mtungaji T. J. Anderson alilazimika kuzitunga upya. Alizitunga kutoka wapi? Kutoka kwenye kitabu kilichochapwa mwaka 1911. Kila sauti ya mwimbaji ilikuwa pale, kila neno, kila hatua ya dansi iliyoelezwa. Nakala zilikuwa zimekaa katika maktaba na makabati ya watu zaidi ya miaka 60 zikisubiri mtu wa kuzifungua.

Opera hiyo haiishii kwa kishindo. Inaishia kwa dansi ya polepole, na jina lenyewe la dansi hiyo linasema ni ya polepole kweli kweli. Treemonisha anapanda juu ya benchi pamoja na rafiki yake Lucy na kuwaelekeza wachezaji, huku mwendo ukiwa ule ule aliousihi Joplin maisha yake yote. Usiku ule Atlanta waimbaji walifikia kurasa za mwisho, na jukwaa zima likaanza kusogea taratibu, hatua moja, kisha nyingine, kama alivyokuwa ameandika.